Tundu Dogo, Safari Ndefu: Somo Kuhusu Kutuna kwa Ateri ya Ndani ya Nyonga



Kwa kawaida ukurasa huu wa somo huzungumzia mambo ambayo kila kamati huyakuta: visima, vikundi vya kuweka na kukopa, malaria, kliniki ya mama na mtoto. Safari hii tumechagua ugonjwa ambao wajumbe wengi hawatakutana nao hata mara moja. Tumeuchagua kwa sababu sisi wenyewe tulikutana nao, hatukuujua, na kutoujua kwetu kulimgharimu mtu. Tunaamini somo lililomo litawafaa hata wale ambao hawatausikia tena ugonjwa huu.

Jambo lilivyotufikia

Mzee mmoja wa usharika wetu, fundi mwashi mstaafu mwenye umri wa miaka 68, alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya upande wa kushoto wa kiuno. Kwa muda mrefu alitibiwa kama mwenye matatizo ya mkojo, jambo la kawaida kwa wanaume wa umri wake. Siku moja daktari mmoja alimfanyia utrasaundi, akakuta figo ya kushoto imejaa maji. Alipoendelea kutafuta kinachoziba, aliona chini, ndani ya nyonga, kitu cha mviringo kinachodunda. Mzee alipelekwa kwenye kipimo cha CT. Jibu likawa kwamba ateri ya ndani ya nyonga ya kushoto imetuna hadi sentimita 5.4.

Familia iliuza ng'ombe wawili, usharika ukachanga, na barua ya maombi ikaletwa kwenye kamati yetu ya msaada wa matibabu. Siku ile tulikuwa na maombi 11 mezani. Mzee aliingia kwa miguu yake, akasalimia kila mtu, akaketi. Hakuwa na bandeji, hakuwa na homa, hakuwa na fimbo. Tulisoma kichwa cha barua, tukaona maneno tusiyoyafahamu, tukasema, "Huyu anaweza kusubiri." Tukamweka kwenye kikao kijacho, yaani baada ya wiki 6.

Katika barua ile daktari alikuwa ameandika ukubwa wa uvimbe na neno "haraka". Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza sentimita 5.4 maana yake nini. Sasa tueleze maana yake.

Mshipa huu uko wapi, na kutuna ni nini

Damu hutoka kwenye moyo kupitia ateri kuu, nayo hushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo. Ikifika karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kulia na jingine kushoto. Kila tawi nalo hugawanyika. Mkono mmoja huendelea hadi mguuni. Mkono wa pili hushuka ndani kabisa ya nyonga na kulisha kibofu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mfuko wa uzazi kwa mwanamke au tezi dume kwa mwanaume, viungo vya uzazi, na misuli ya makalio. Huu wa pili ndio ateri ya ndani ya nyonga, ambayo wataalamu huiita ateri ya iliaki ya ndani. Kwa mtu mzima upana wake wa kawaida ni kama nusu sentimita.

Waliowahi kuendesha baiskeli yenye tyubu iliyochakaa wanajua kinachotokea pale mpira unapokuwa mwembamba. Upepo husukuma, mahali pale dhaifu hutuna, na kadiri panavyotuna ndivyo mpira unavyozidi kuwa mwembamba. Ateri nayo huweza kutuna hivyo. Ikifikia mara moja na nusu ya upana wake wa kawaida au zaidi, madaktari huiita aneurizimu. Si uvimbe wa nyama wala si saratani. Ni ukuta wa mshipa uliodhoofika na kusukumwa nje na nguvu ya damu.

Kutuna kwa ateri kuu ya tumboni kunafahamika zaidi. Lakini kutuna kwa ateri ya ndani ya nyonga peke yake ni jambo adimu sana. Katika kila aneurizimu 1,000 za mishipa ya tumboni na nyonga, za aina hii ni takriban 3 au 4 tu. Wengi wanaopatwa ni wanaume waliovuka miaka 60. Uvutaji wa sigara, shinikizo la damu la muda mrefu na kuchakaa kwa kuta za mishipa ndivyo vinavyoongoza. Pia huweza kutokana na maambukizi, kuumia nyonga, au ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha nyuzi za mwili. Kwa hiyo kijana au mwanamke hawezi kuondolewa kwenye hesabu moja kwa moja.

Kwa nini hujificha

Ateri hii imejificha chini ya matumbo na nyuma ya mifupa. Mtu hawezi kuishika kwa mkono kama anavyoweza kushika uvimbe wa shingoni. Wengi hawahisi chochote kwa miaka. Dalili zinapotokea huja kwa sura ya ugonjwa mwingine, kwa sababu mshipa uliotuna hubana jirani zake:

1. Ukibana mrija unaoshusha mkojo, figo hujaa maji, na mgonjwa hutibiwa mkojo au mawe ya figo.

2. Ukibana mwisho wa utumbo mpana, mgonjwa hupata shida ya haja kubwa.

3. Ukibana mishipa ya fahamu, maumivu hushuka kwenye makalio na mguu, na watu husema ni baridi yabisi au uti wa mgongo.

4. Ukibana mshipa unaorudisha damu, mguu mmoja huvimba.

Hata utrasaundi inaweza kuukosa kwa sababu hewa ya matumbo huzuia picha. Kipimo cha CT chenye dawa ya kuonyesha mishipa ndicho humaliza ubishi. Wakati mwingine daktari makini hugundua kwa kidole tu anapochunguza njia ya haja kubwa, pale anapohisi kitu kinachodunda.

Hatari kubwa ni kupasuka. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya nyonga na tumboni, na wengi hufa hata wakifikishwa hospitali. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, mgongoni, kinenani au kwenye makalio, pamoja na kuzirai, jasho la baridi na mapigo ya moyo ya haraka. Mtu wa namna hiyo hapelekwi nyumbani kupumzika. Anapelekwa hospitali yenye uwezo wa upasuaji saa ile ile.

Kwa sababu hiyo madaktari hawasubiri maumivu. Wanaangalia ukubwa. Kwa kawaida hushauri matibabu uvimbe unapofikia kati ya sentimita 3 na 4, au mapema zaidi ukiwa unakua haraka au unaleta dalili. Mzee wetu alikuwa na 5.4, na figo yake ilikuwa tayari imebanwa. Hiyo ndiyo maana ya namba tuliyoipita bila kuisoma.

Tulikotoka

Historia ya kutibu mshipa huu ina mizizi yenye uchungu inayogusa Afrika. Mwaka 1812, katika kisiwa cha Santa Cruz (St. Croix) huko Karibiani, daktari William Stevens alimfungua mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Mwanamke huyo alikuwa na uvimbe unaodunda kwenye makalio. Daktari aliifunga ateri ya ndani ya nyonga kwa uzi. Wakati huo hapakuwa na nusukaputi, kwani matumizi ya etha katika upasuaji yalionyeshwa hadharani mwaka 1846 tu. Mwanamke yule alipona. Hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza ateri hiyo kufungwa kwa ajili ya aneurizimu. Vitabu vya upasuaji humkumbuka zaidi daktari. Sisi tunaona ni haki kumkumbuka na aliyevumilia kisu, ambaye katika hali ya utumwa hakuwa na uhuru wa kukataa.

Kwa zaidi ya karne moja njia ilibaki ni hiyo: kufungua na kufunga. Hata wakubwa wa dunia hawakuwa na njia rahisi. Mwanasayansi Albert Einstein alikuwa na aneurizimu ya ateri kuu ya tumbo. Mwaka 1948 daktari Rudolph Nissen aliifunika kwa karatasi laini ya selofani ili kuukaza ukuta wake. Ilipopasuka mwaka 1955 Einstein alikataa upasuaji mwingine, akafariki.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1953 daktari Msweden Sven-Ivar Seldinger alieleza namna ya kuingia kwenye mshipa kwa sindano, kupitisha waya laini, kisha kuteleza mrija juu ya waya huo bila kupasua ngozi. Mwaka 1964 huko Portland, Marekani, Charles Dotter alitumia njia hiyo kufungua ateri ya mguu wa mama wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Mama yule aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili. Katika miaka ya 1970 Cesare Gianturco alibuni nyaya ndogo za kujikunja, zinazoachwa ndani ya mshipa ili kuuziba. Mwaka 1987 Nikolay Volodos huko Kharkiv, Ukraine, aliweka kwa njia ya mrija stenti yenye kitambaa ndani ya ateri kuu ya kifuani, na mwaka 1990 Juan Parodi huko Buenos Aires alifanya hivyo kwa ateri kuu ya tumboni. Matibabu ya leo ya ateri ya ndani ya nyonga yamejengwa juu ya kazi za watu hao wote.

Kwa nini kufunga mlango mmoja hakutoshi

Hapa ndipo palipo kiini cha matibabu, na wajumbe waliosimamia miradi ya maji ya bomba wataelewa haraka. Kama mabomba ya kijiji yameunganishwa kwa mzunguko, ukifunga koki ya upande mmoja maji hayakauki. Yanazunguka na kurudi kutoka upande wa pili. Nyonga imeumbwa hivyo. Matawi ya ateri ya kulia na ya kushoto yameunganika, na yameunganika pia na mishipa ya utumbo na ya paja.

Madaktari walijifunza kwamba wakifunga mwanzo wa mshipa peke yake, damu hurudi kwa njia ya matawi, uvimbe huendelea kukua, na baada ya miaka huweza kupasuka. Tena, ukishafunga mlango wa mbele, ni vigumu sana kuingia tena kwa mrija kurekebisha. Kwa hiyo ni lazima milango ya nyuma ifungwe kwanza, ndipo ufungwe wa mbele.

Matibabu ya tundu dogo hatua kwa hatua

1. Maandalizi. Mgonjwa hupimwa utendaji wa figo, wingi wa damu, moyo, na aleji ya dawa ya kuonyesha mishipa. Picha ya CT hupimwa kwa milimita ili kuchagua vifaa vya saizi yake.

2. Kuingia. Mgonjwa hulala chali kwenye chumba chenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati kazi ikiendelea. Mara nyingi ganzi ya mahali pamoja hutosha. Daktari hutoboa ateri kinenani kwa sindano, hupitisha waya, kisha mrija. Tundu ni la milimita chache.

3. Kusafiri. Mrija hupanda, huvuka pale ateri kuu inapogawanyika, na kushuka upande wenye ugonjwa. Dawa ya kuonyesha mishipa huingizwa, na uvimbe pamoja na matawi yake huonekana kwenye kioo.

4. Kufunga milango ya nyuma. Katika kila tawi linalotoka kwenye uvimbe daktari huacha nyaya za platinamu zinazojikunja, au kizibo maalumu. Damu huganda juu yake na tawi huziba.

5. Kufunga mlango wa mbele. Stenti yenye kitambaa, yaani mrija wa wavu wa madini uliovikwa kitambaa kisichopitisha damu, huwekwa kuanzia kwenye tawi kubwa hadi kwenye mkono unaokwenda mguuni. Hupita juu ya mdomo wa ateri iliyotuna na kuuziba. Damu ya mguu huendelea kupita ndani ya stenti.

6. Kutoka. Mrija hutolewa, tundu hufungwa au kukandamizwa, na mgonjwa hulala bila kukunja mguu kwa saa kadhaa. Mambo yakienda vema, wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au chache.

Upasuaji wa wazi huhitaji nusukaputi, tumbo kufunguliwa, na kufanya kazi mahali penye kina na mishipa mingi inayovuja damu kwa urahisi. Ndiyo maana kwa mgonjwa mwenye umri mkubwa au moyo dhaifu njia ya tundu dogo huchaguliwa kwanza, umbo la mishipa yake likiruhusu. Hata hivyo upasuaji wa wazi haujapitwa na wakati. Wapo ambao mishipa yao imepinda mno, wapo wenye maambukizi kwenye mshipa, na wapo ambao uvimbe unabana viungo kiasi kwamba ni lazima upunguzwe kwa mkono. Tundu dogo husimamisha damu ndani ya uvimbe, lakini haliuondoi uvimbe siku hiyo hiyo. Husinyaa polepole, na pengine usisinyae sana.

Tundu dogo si jambo dogo

Tunawaomba wajumbe wasome sehemu hii kwa makini, maana hapa ndipo familia nyingi hushtuka.

Mshipa uliozibwa ulikuwa na kazi. Ukizibwa, misuli ya makalio ya upande ule hupungukiwa damu mpaka njia nyingine zipanuke. Takriban mtu 1 kati ya 4 hupata maumivu ya makalio anapotembea. Kwa wengi hupungua baada ya miezi, kwa wachache hubaki. Baadhi ya wanaume hupungukiwa nguvu za kiume, na ni vema waambiwe kabla, faraghani na kwa heshima, badala ya kuligundua wenyewe na kunyamaza. Ni mara chache sana, lakini utumbo au uti wa mgongo huweza kukosa damu, hasa pande zote mbili zikizibwa kwa pamoja. Kwa hiyo madaktari hujitahidi kuuacha hai walau upande mmoja. Siku hizi zipo stenti zenye tawi zinazoruhusu damu kuendelea kuingia nyongani, ila bei yake ni kubwa na si kila mshipa unazifaa.

Aidha, dawa ya kuonyesha mishipa huweza kuudhi figo, na tundu la kinena huweza kuvuja damu. Baada ya yote hayo, mgonjwa huhitaji kupimwa tena, kwa kawaida ndani ya mwezi wa kwanza au baada ya miezi kadhaa, kisha kila mwaka, kuona kama damu inavujia tena kwenye uvimbe. Stenti ikiwekwa na mgonjwa akapotea, kazi imefanyika nusu.

Mzee wetu

Kikao cha pili kilipitisha maombi yake. Uvimbe haukuwa umepasuka, na hatuwezi kujisifu kwa hilo. Alitibiwa katika hospitali ya rufaa kwa njia tuliyoieleza. Kabla ya hapo aliwekewa mrija mdogo wa kupitisha mkojo kutoka kwenye figo. Alitembea wodini siku iliyofuata.

Lakini figo ya kushoto ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Tulimuuliza daktari kama zile wiki 6 ndizo zilizoiharibu. Alijibu kwa uungwana kwamba figo ilikuwa imebanwa tangu kabla ya kupimwa, na hakuna awezaye kusema ni kiasi gani kingeokolewa. Tulimshukuru, lakini jibu hilo halikutuondolea deni.

Kosa la pili tulilifanya baadaye. Mzee alipoanza kutembea shambani alipata maumivu makali ya makalio kila baada ya hatua 200 hivi. Hakuna aliyekuwa amemwambia litegemewe jambo hilo. Alidhani matibabu yameshindikana na fedha za watu zimepotea. Kwa aibu hakusema, na hakwenda kupimwa mwezi wa 3. Mwinjilisti wa mtaa alipomtembelea ndipo akasema, "Mwanangu, nitarudi vipi kwa wale walionichangia, nikawaambie bado naumwa?"

Mwinjilisti alimpeleka mwenyewe. Stenti ilikuwa mahali pake, hapakuwa na mvujo, na baada ya mwaka mmoja uvimbe ulikuwa umepungua hadi sentimita 4.9. Maumivu ya makalio yamepungua. Sasa hufika kanisani kwa miguu akipumzika mara moja njiani.

Tunachojifunza kama kamati na wafadhili

Tundu la milimita chache ndiyo sehemu fupi kuliko zote ya safari hii. Kabla yake kuna daktari anayeshika kifaa cha utrasaundi na kutoridhika na jibu la kwanza. Kuna barua ya rufaa inayosomwa. Kuna kamati inayoamua kwa wakati. Baada yake kuna nauli, vipimo vya kila mwaka, na mtu wa kubisha hodi kwa mgonjwa aliyenyamaza. Kiungo kimoja kikikatika, stenti ya bei kubwa haiwezi kuokoa mtu.

Nchini kwetu sehemu ya katikati imeanza kujengwa. Tangu mwaka 2018 wataalamu wa kujitolea kutoka nje wamekuwa wakifika kwa zamu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kufundisha matibabu yanayoongozwa na picha, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Waliofundishwa si madaktari tu, bali pia wauguzi na wataalamu wa radiolojia wanaofanya kazi nao. Mafunzo yalianza na kazi za msingi kama kuchukua vipande vya kupima na kutoa usaha au mkojo uliozuiliwa, kisha yakaendelea hadi kuziba mishipa. Hiyo ni njia tunayoipenda: watu kwanza, mashine zikifuata, na kazi rahisi kabla ya ngumu.

Kwa upande wetu tumebadilisha mambo manne katika kamati ya msaada wa matibabu.

Kwanza, kila barua ya rufaa husomwa na mganga au muuguzi kabla ya kikao, naye huandika kwa sentensi mbili hatari iko wapi na muda ulio salama kusubiri.

Pili, pakiwa na neno "haraka", mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wanaweza kuamua bila kungoja kikao, kisha kutoa taarifa.

Tatu, kila msaada wa matibabu hutengewa tangu mwanzo fedha ya nauli na vipimo vya ufuatiliaji. Kama fungu halitoshi vyote viwili, tunatafuta nyongeza kabla ya kuanza.

Nne, kila mgonjwa hupewa mtu mmoja wa usharika wa kumtembelea, ambaye ameelezwa na daktari, kwa ridhaa ya mgonjwa, mambo ya kutegemea na dalili za kuogopa.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa upendo na uwazi. Ni rahisi kupata fedha za kitu kinachoonekana: jengo, mashine, kibao chenye jina. Hakuna anayeweka kibao juu ya nauli ya mzee anayekwenda kupima mwezi wa 12. Lakini tukiulizwa leo shilingi ya kwanza iende wapi, tutasema iende kwa anayegundua na kwa anayefuatilia. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wetu aliyekuwa mwashi alijua methali hiyo kwa mikono yake kabla hatujaijua sisi kwenye mafaili yetu.

Maswali ya majadiliano katika kamati za sharika

1. Katika maombi ya msaada tuliyopokea mwaka huu, ni mangapi tuliyapanga kwa kuangalia jinsi mtu anavyoonekana badala ya kusoma barua yake?

2. Nani katika usharika wetu anaweza kutusomea barua ya daktari na kutueleza kwa lugha nyepesi? Tumemwomba?

3. Nani ametibiwa kwa michango yetu miaka mitatu iliyopita? Tunajua anaendeleaje leo?

4. Je, wagonjwa wetu wako huru kutuambia kwamba bado wanaumwa, au shukrani tunazozitegemea zimewafunga midomo?

5. Zahanati iliyo karibu nasi ikikutana na mzee mwenye maumivu ya kiuno yasiyopona, apelekwe wapi kwa utrasaundi, na nani atalipa nauli?

Tunaomba majibu ya swali la tatu yaletwe kwa maandishi ofisi ya miradi kabla ya toleo lijalo. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Idadi na hali zao zinatosha.